Staa Kamcheka Mtoto Aliyecheza Fisi, Sasa Nisikilizeni

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Nina jambo la kwetu Ntalikwa, Manispaa ya Tabora, limenikaa kooni wiki nzima.

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaposti sekunde chache za wanafunzi wa msingi wakiimba na kuigiza wanyama kwenye mahafali ya darasa la saba. Akaandika eti Tabora watoto wanafundishwa uchawi, na emoji za kucheka juu. Aliyeandamwa zaidi kwenye komenti ni dogo wa darasa la tano aliyecheza fisi. Huyo ni mdogo wangu wa damu.

Nyie mnacheka, ila huku si utani. Wapo wanaoamini kabisa kwamba wachawi hupanda fisi usiku. Kesho yake dogo kaitwa mchawi kisimani. Mama akasema basi, hakuna kuigiza tena.

Sasa sikieni igizo lenyewe. Karanga na mihogo inaibiwa shambani usiku. Wanyama wote wanamnyooshea kidole fisi, kisa sura yake na ile sauti. Nyuki ndio walioona, wanaimba ukweli: mwizi ni nungunungu! Mwisho wote wanamwomba fisi radhi kwa wimbo. Miiba ya nungunungu ilikuwa njiti za fagio, mabawa ya nyuki yalikatwa kwenye viroba vya mbolea. Hakuna mzazi aliyechangishwa hata mia.

Na si mambo mapya haya. Wanyamwezi na Wasukuma wana Banunguli, wawindaji wa nungunungu, na Bayeye, mafundi wa nyoka. Wote wana ngoma zao tangu enzi za mababu.

Kinachoniuma, staa huyo huyo aliwahi kujipiga picha New York nje ya ukumbi wa The Lion King, akaandika "sanaa ndiyo hii". Kaka, Simba, Rafiki na Pumbaa ni Kiswahili chetu! Onyesho lile liko Broadway tangu 1997, na lipo toleo lake la dakika 30 kwa watoto wa shule za msingi. Fisi wamo. Kule mtoto akicheza fisi anapigiwa makofi, huku anaogopa kwenda kuchota maji.

Jana nilimwonyesha mama video nzima kwenye simu ya mwalimu. Akatazama kimya mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo fisi hakuiba?"

Hakuiba, mama.

Ruhusa bado hajatoa, ila kasema atamsindikiza dogo kisimani mwenyewe, aone nani atafungua mdomo.

Na wewe staa, unajijua. Video nzima ipo, iposti basi.

Wadau, nyie shuleni mlicheza mnyama gani? Tiririkeni hapo chini.