Asilimia Kumi

Jumanne, 4 Machi 2025, Posta
Kwa wauza vitabu wa kando ya Barabara ya Samora nimeibua Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jalada linashikiliwa na selotepu, muhuri wa shule umefutika nusu. "Elfu tano, mzee wangu." Tumeachana kwa tatu.

Rider Haggard alikitoa Uingereza mwaka 1885. Frederick Johnson, ambaye baadaye aliongoza Kamati ya Lugha hapahapa Dar, alikitafsiri, kikatoka 1929, mwaka uleule alipotoa tafsiri yake ya Kisiwa chenye Hazina. Hapo nimecheka peke yangu. Haggard aliandika Mashimo kwa ubishi: alikiponda hicho Kisiwa, kilipokuwa bado Kiingereza, mbele ya ndugu yake, wakawekeana dau la shilingi 5 kama ataweza kutunga chenye kukifikia. Wiki kama sita, kazi imekwisha.

Alhamisi, 6 Machi, Maktaba Kuu
Haggard alizaliwa Norfolk mwaka 1856. Baba yake hakumtarajia makubwa, akampeleka Natal akiwa na miaka 19, kazi bila mshahara. Mwaka 1877 Waingereza walipoitwaa Transvaal, kijana huyu alishiriki kupandisha bendera Pretoria. Nimeikunjia uso habari hiyo, na bendera ile inapepea mpaka ndani ya riwaya zake. Lakini kusimulia anajua, mwizi huyu! Allan Quatermain ya 1887 inawashusha mashujaa wake Lamu, kisha Mto Tana, hadi kwa Wamasai. Kaka yake Jack alikuwa makamu wa balozi mdogo Lamu miaka hiyo, kwa hiyo habari za pwani alikuwa nazo za nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi, Kariakoo
Mchapishaji amepiga kuhusu mswada wangu nikiwa nabanana na wanunua magimbi ya futari. Laki tano taslimu, haki zote ziwe zake. "Kaka, mwezi mtukufu huu, pesa ya mkononi usiikatae."

Haggard naye, kwa Mashimo, aliwekewa mezani pauni 100 au asilimia 10 ya mauzo. Alishaielekea ile mia. Mhariri alipotoka chumbani, karani aliyekaa pembeni akamwambia achukue mkataba wa pili. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000, naye ana miaka 29 tu.

Jumatatu nampigia yule bwana. Bila asilimia kumi, mswada wangu hauoni.