Mwamba Ngoma na Kalamu Yake

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mwandishi naye ni mwamba ngoma. Hata asiposema uongo, huweza kuivuta ngozi upande wake kwa neno alilolichagua au kwa jina aliloliacha. Katika miaka yangu ya kupitia miswada ya vijitabu vya utamaduni, Mbeya na Iringa, nimesadiki kwamba upendeleo wa namna hii ni mgumu kuutambua, kwani aghalabu mwandishi mwenyewe hajui kuwa anao.

Tuchukue mfano wa Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walilishambulia jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wakoloni waliyaita mapambano ya Wahehe uasi, na neno hilo nimelikuta hata katika miswada ya vijana wetu. Lakini mtu huasi utawala uliokwisha kumtawala, na mwaka ule Mkwawa hakuwa raia wa mtu. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa Oktoba 1894, naye akajiua Julai 1898 kuliko kukamatwa. Kadhalika Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ulimwita Sultani, cheo kisichokuwa cha Kihehe, ukaagiza fuvu lake likabidhiwe Serikali ya Uingereza. Watu wake hawakutajwa. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954.

Hata hivyo, kumwondoa mkoloni katika sentensi si mwisho wa kazi. Baba yangu alikuwa Mhehe, na mama yangu Msangu. Kwa baba, Mkwawa alikuwa shujaa asiye na mfano, na akina Merere, watawala wa Wasangu, walikuwa wasaidizi wa Wajerumani. Kwa mama, Wahehe ndio waliowafukuza babu zake kutoka Usangu, wakaenda kujenga ngome Utengule, katika nchi ya Wasafwa. Na Merere alipoungana na Wajerumani alikuwa akitafuta njia ya kurudi kwao. Wote wawili walisema kweli. Nao Wasafwa, ambao nchi yao iligeuzwa makimbilio ya wenye silaha, wana habari yao ya tatu, ambayo waandishi huipa mstari mmoja au huipita kimya.

Siku moja niliupokea mswada uliokusudiwa kwa shule za msingi. Humo Merere aliitwa msaliti. Msaliti wa nani, ilhali Tanganyika ilikuwa haijazaliwa kuwa taifa? Na mtoto wa Kisangu atausoma ukurasa huo mbele ya wenziwe kwa uso gani? Nilipendekeza neno hilo liondolewe, na mahali pake iingizwe habari ya Wasangu kufukuzwa kwao. Wako walionung'unika kwamba tunampunguza shujaa. Niliwajibu kwamba Mkwawa hahitaji jirani yake atukanwe ndipo yeye asimame.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kupigwa chapa, mswada usomwe kwa sauti mbele ya wazee wa pande zote zinazotajwa. Pili, kila neno la hukumu, kama vile mwasi, msaliti au mshenzi, lipishe maelezo ya tendo lenyewe: nani alimtendea nani jambo gani, wapi na lini. Tatu, mwandishi ajiulize ni nani aliyekuwapo ambaye hakutajwa, kisha akamtafute.

Ugomvi wa mababu hatuwezi kuuamua leo, wala hatukuitwa kuuamua. Tuliloitiwa ni kuandika kitabu ambacho mtoto wa Kihehe, wa Kisangu na wa Kisafwa watakifungua katika dawati moja, bila mmoja wao kuinamisha kichwa.