Kuogelea Katika Kijito cha Glenbrook

Katika nchi ya Australia, Desemba ni mwanzo wa kiangazi, na joto huwatoa watu mijini. Siku moja tulikuwa tisa, wazee kwa watoto, tukashuka bonde la kijito cha Glenbrook katika Blue Mountains, magharibi ya Sydney. Harufu ya mikaratusi ilitupokea; watu husema mafuta ya miti hiyo huchangia kuifanya milima ionekane ya buluu kwa mbali. Miambani yalichanua maua meupe, laini kama flana. Mjusi mkubwa aliyekuwa akiota jua juu ya jiwe alituona, akajitosa majini.

Tulipofika kwenye kilindi kiitwacho Blue Pool, kijana mmoja alijitayarisha kupiga mbizi, kichwa mbele. Mzee wetu akamshika mkono. "Ngoja, mwanangu." Akaingia yeye polepole, akipapasa kwa fimbo. Hatua chache tu toka ukingoni akagusa mwamba uliojificha; juu yake maji hayakufika kiunoni. Kijana akanyamaza. Kisha tukaogelea sote kwa furaha.

Ndugu msomaji, uendapo mtoni na wanao, yapime maji kwanza, ndipo uwape ruhusa.