Kiranja Mkuu wa Swichi

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake kamili niliipata ndani ya maabara ya kompyuta, wala si baharini.

Ni hivi. Kompyuta za maabara huunganishwa kwa swichi za mtandao. Moja isipotosha, mafundi hupanga kadhaa katika rundo na kuziunga kwa nyuma kwa nyaya maalumu zinazozunguka kama pete. Kampuni ya Cisco ilileta ufundi huu mwaka wa 2003 katika swichi za Catalyst 3750, na rundo moja laweza kuwa na swichi hadi 9. Zote hutenda kazi kama swichi moja. Na kama sisi wanafunzi, nazo zina kiranja mkuu, ambaye ndiye mtunza mipangilio ya wote.

Kiranja huyo huchaguliwa kwa alama, kuanzia 1 hadi 15. Zikiwashwa pamoja, swichi yenye alama nyingi hushinda. Zikilingana kwa kila jambo, hutazamwa anwani ya MAC, na iliyo ndogo zaidi hutawala, hata kama ni ya swichi kuukuu ya kukohoakohoa!

Muhula wa pili, swichi yetu namba 2 iliungua, na kesho yake kidato cha nne walikuwa na mtihani wa majaribio wa kompyuta. Swichi mpya ililetwa jioni, ikawashwa mezani. Mwalimu mmoja akahimiza, "Mama, chomeka tu, saa zinakwenda!"

Fundi wetu wa maabara akakataa katakata. Akaniambia, "Mwanangu, mgeni haingii kwa watu na taji kichwani. Izime kwanza."

Waama, swichi iliyowaka peke yake huwa imeshajitawaza. Ikiungwa hivyo, wakuu wawili hukutana, na anayeshindwa hujiwasha upya na kufuata mipangilio ya mshindi. Swichi zetu zote zilikuwa bado na alama 1, ile ya kiwandani. Lau yule mgeni asiye na mipangilio angeshinda, kazi yetu yote ingepeperuka!

Basi tukaizima, tukaiunga, ndipo tukaiwasha. Mama akaandika "show switch", tukaona 1, 2 na 3 zote ziko tayari. Mgeni alikuwa amepewa ile namba 2 iliyobaki wazi pamoja na mipangilio yake. Kisha akaandika "switch 1 priority 15" ili kura ijayo isiwe ya bahati nasibu. Mwisho akahifadhi kwa "copy running-config startup-config", maana amri isiyohifadhiwa hupotea stima zikipotea. Asubuhi mtihani ukafanywa bila taabu.

Wenzangu, kiongozi huteuliwa mapema, kukiwa shwari. Anayengoja dhoruba ndipo atafute nahodha, atatawaliwa na yeyote atakayetangulia kushika usukani.