Mkandaji na Kafili Wake

Kiswahili kimeutosheleza unga, udongo na maungo ya binadamu kwa kitenzi kimoja: vyote hukandwa. Mpishi hukanda unga wa mkate, mjenzi hukanda udongo wa kukandikia nyumba, na mkunga hukanda tumbo na mgongo wa mzazi katika siku zake arubaini. Jirani na neno hilo yako mengine yenye mipaka yake. Kuchua ni kwa msuli uliokakamaa. Kusinga ni kwa bibi arusi na singo lake. Kupapasa hakuhesabiwi kuwa kazi. Neno masaji limekuja nyuma ya yote, likaletwa na hoteli za pwani na saluni za mijini, na lilipofika liliikuta mikono iko tayari zamani.

Namna mikono hiyo inavyosafiri kwenda ng'ambo, na namna inavyopokewa huko, yaweza kusomwa katika maisha ya mwanamke mmoja wa Kakola, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Kakola ni mji ulio mlangoni pa mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mkoani Shinyanga, katika njia iendayo Geita. Kabla ya mgodi mkubwa palikuwa na maduara ya wachimbaji wadogo, watu waliotoka kila pembe ya nchi wakashuka chini ya ardhi kwa kamba na magogo. Mama yake aliwauzia uji asubuhi. Jioni aliwakanda mabega kwa mafuta na maji ya moto, kwani mtu aliyeshinda akivuta ndoo za mawe hawezi kulala kwa uji peke yake. Mtoto alishika bakuli la mafuta. Hakufundishwa kwa maneno. Aliona pale kidole gumba kinapotua, akaona uso wa mtu unavyolegea.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu na maduara yakafukiwa. Madai kwamba wamo waliofukiwa wangali hai yalizua ubishi wa miaka mingi, serikali na kampuni zikiyakana. Mwaka 1999 eneo hilo likaingia mikononi mwa Barrick ya Kanada, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Katika nyumba ile ya Kakola habari zote hizo zilikuwa na maana moja: mabega yameondoka, na riziki ya mama imeyafuata.

Mgodi ulipofunguliwa ulileta wageni wa namna nyingine, wahandisi na mafundi wa kuchimba chini kwa chini, waliokuja kwa vibali. Mgeni aajiriwaye Tanzania huombewa ruhusa na mwajiri wake. Hupewa kibali cha kazi, na ukaazi wa daraja B, na mambo hayo yaliwekewa sheria yake ya ajira za wageni mwaka 2015. Kibali hicho kimefungwa kwa mwajiri. Kwa maandishi, basi, mhandisi aliyekuja Bulyanhulu na binti aliyetoka Bulyanhulu kwenda Uarabuni walikuwa na hali moja: kila mmoja aliingia nchi ya watu kwa jina la mwingine. Tofauti yao haikuwa katika kibali. Mhandisi alikuwa na shahada iliyotaja kazi yake, mkataba aliousoma mwenyewe, na pasi ya kusafiria iliyolala katika mkoba wake.

Binti alikwenda Mwanza, kisha Dar es Salaam katika saluni, kisha Unguja, pwani ya Nungwi, ambako wanawake huwakanda watalii chini ya vibanda vya makuti. Hapo alijua kwamba alichokuwa akikifanya tangu utoto kina majina na bei. Akajua pia kwamba mikono isiyo na karatasi haivuki mbali. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hairuhusiwi mtu kujiita mkandaji aliyesajiliwa ila amepasi mitihani ya chama cha kazi hiyo. Katika Korea ya Kusini leseni ya ukandaji imetengewa watu wasioona, na Mahakama ya Katiba ya huko iliithibitisha haki yao hiyo mwaka 2008. Ukandaji wa Thailand, uitwao Nuad Thai, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2019. Kila taifa, kwa njia yake, limeuandikia ukandaji hati. Mikono ya Kakola haikuwa na hati, ilikuwa na mama tu.

Ndipo akaja wakala, mwaka 2016, akiwa na habari za Maskati: saluni ya wanawake, chumba cha kulala, mshahara wa kila mwezi, na mdhamini wa kulipia viza. Binti alikubali. Mdhamini alilipa kweli, na viza ikatoka kweli. Lakini mahali pa kazi hapakuandikwa ukandaji. Paliandikwa, kwa Kiarabu, neno la mtumishi wa nyumbani, ambalo yeye hakuweza kulisoma.

Hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Neno lile latokana na shina moja na hadimu yetu na huduma yetu. Kiswahili kimezitenga hizi mbili kwa umbali mkubwa: mhudumu ni mtu wa heshima, ana sare na saa za kazi, hadimu ni mtumwa, na kisiwani Unguja jina la Wahadimu lasemekana limetoka huko huko. Binti alipanda ndege akijiona mhudumu. Karatasi ilimpokea ikimwita kwa lile jina jingine.

Neno kafili nalo lina historia ya kusikitisha zaidi, kwa kuwa lilianza katika huruma. Katika sura ya Aal Imran ya Qurani, Zakaria anapewa ulezi wa Maryamu, na kitenzi kinachotumika hapo ni cha shina hilo hilo. Kafili ni mlezi wa yatima. Ni mtu anayesimama kuwa dhamana ya asiye na mtu. Sheria za ukaazi za nchi za Ghuba zililichukua neno hili katika karne ya 20 zikamkabidhi mwajiri, hata dhamana ya kumlea mgeni ikageuka kuwa mamlaka ya kumzuia. Aliyetakiwa amtetee mtu asiye na mtu ndiye aliyefungia pasi yake katika mtoto wa meza.

Nyumba aliyofikia ilikuwa na bibi kizee, mama wa kafili, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini, chenye adabu na mizaha yake, nacho hakikuwa na wa kukisikiliza, kwa sababu wajukuu walikifahamu nusu nusu. Magoti yalikuwa yamemkataa. Binti aliamka alfajiri akafagia, akapika, akafua, akalea watoto. Usiku watu walipolala aliketi mkekani akamkanda bibi magoti hadi usingizi umchukue. Kazi aliyoahidiwa, basi, aliipata. Aliifanya kila usiku, juu ya kazi nyingine zote, na haikuhesabiwa katika mshahara, kwa kuwa ilionekana ni wema.

Mwezi wa 13 wa mkataba mama yake alifariki Kakola. Aliomba aende akazike. Kafili hakumtukana wala hakumpiga, alimpigia hesabu. Alimwambia fedha alizompa wakala, tikiti, na miezi 11 iliyobaki. Bibi alimwita mwanawe akamsemea binti kwa muda mrefu, na mwana akajibu kwa upole kwamba sheria ndiyo iliyo hivyo. Jioni ile bibi hakutaka kukandwa. Aliagiza jamvi litandikwe chumbani mwake, akaketi naye matanga siku tatu, kama wafanyavyo watu wa kisiwani, na majirani waliokuja kumjulia hali aliwaambia: "Mkono wa tanzia mpeni huyu, mfiwa ni yeye."

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watumishi wa nyumbani wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, na iliyoyataja ni haya haya: pasi kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho, mishahara kukatwa au kutolipwa. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha watumishi wa nyumbani nje ya kinga yake. Tangu Januari 2021 mfanyakazi wa kigeni aliyemaliza mkataba wake nchini humo ameweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ridhaa ya yule wa kwanza. Ni hatua, ila haimfai aliye katikati ya mkataba na ana maiti nyumbani.

Wala si haki kuyatupia yote ng'ambo ya bahari. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi yao ya kutafuta watu, SILABU, iliyowasafirisha vijana wa bara mpaka mashambani kwa mikataba. Walioitwa kwa namba wakapata jina la manamba, na jina hilo limedumu katika lugha kuliko mkonge wenyewe. Mwili wa mtu wa bara umejua mkataba na dhamana miaka mingi kabla ya kuijua Maskati.

Mkataba ulipokwisha, mwaka 2018, alirudi. Alilitembelea kaburi, kisha akapanga chumba Kahama mjini, ambako hukanda wazazi, wazee, na wachimbaji, kwa kuwa wadogo wangalipo katika maeneo ya jirani na migongo yao ni ile ile. Dhahabu ya mikoa ile huvuka bahari kila siku ikauzwa Dubai bila kuulizwa kafili wake ni nani. Wasichana nao wanaendelea kumjia kuuliza habari za ng'ambo. Hawakatazi. Huwaambia waende kwanza katika ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wasiridhike na mtu wa kwenye simu. Kisha huwauliza maswali matatu, akiwa bado na mafuta viganjani. Pasi itakaa kwa nani? Nauli ya kurudi kwenye msiba italipwa na nani? Na katika viza, pale panapotajwa kazi, pameandikwa neno gani?

Asiyeweza kujibu la tatu humpeleka kwa mwalimu mmoja wa madrasa, mtaa wa pili, anayejua kusoma Kiarabu.