Kiburma, Kinorwe na Masikio ya Nkambo



Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za mpira, za kwaya na za mitihani. Leo naomba nafasi kidogo nieleze habari ya lugha mbili ambazo hatuzisikii hapa Kalemie: Kiburma na Kinorwe. Mtaniuliza: «Na weye, zinakuhusu nini?» Zinanihusu kwa sababu zilinitia haya mbele ya nkambo wangu, na haya ile ilinifundisha kitu.

Yaya yangu wa kwanza alivuka ziwa wakati wa vita ya 1998, akiwa mtoto, pamoja na mama mdogo. Walifika Kigoma, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, na toka kule wakapelekwa Norwe. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Kwa hiyo yaya yangu namjua kwa sauti tu, sauti ya simu.

Kule Norwe wakimbizi wanafundishwa lugha kwanza. Darasani yaya alikaa karibu na mama mmoja wa Burma, nchi ambayo leo inaitwa pia Myanmar. Mama huyo alitoka katika kambi ya wakimbizi ya Thailand. Nchi hizi mbili si ngeni kabisa kwetu. Katika vita ya 1939–1945, hospitali ya askari wa Kongo ilitumwa Burma, na askari wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana kule. Na wamisionari wa Norwe walianza kazi kwa jirani zetu wa Kivu, kule Kaziba, tangu miaka ya 1920.

Hao wawili wakawa marafiki, kwa maana kila mmoja alikuwa na nusu ya dawa. Maneno ya Kinorwe mara nyingi yanaishia kwa konsonanti zinazofuatana, kama lile jina la lugha yao wenyewe, «norsk». Kiburma hakipendi mambo hayo. Silabi zake zinafungwa kwa vokali, ao kwa sauti ya pua, ao kwa kukata pumzi kooni. Yaya, aliyepita kwa Kifaransa, alimsaidia mwenzake hapo. Lakini kwa sauti za kupanda na kushuka, mama wa Burma ndiye alikuwa mwalimu, na yaya alikuwa mwanafunzi wa mwisho.

Lugha hizo mbili si ndugu. Kinorwe ni wa ukoo mmoja na Kijerumani na Kiingereza. Kiburma ni ndugu wa Kitibeti, na kwa mbali ni ndugu wa Kichina. Kinorwe kinaandikwa kwa herufi zetu, lakini zao ni 29, sababu wameongeza æ, ø na å. Herufi za Kiburma ni za mviringo, kama vikombe na pete. Watu wanaeleza kwamba zamani waliandika juu ya majani ya mtende, na mstari ulionyooka ungepasua jani.

Hata sentensi haitembei namna moja. Mnorwe anasema: «Mimi nakula wali.» Akianza na neno «leo», anageuza: «Leo nakula mimi wali», maana kitendo lazima kikae nafasi ya pili. Mburma anaweka kitendo mwisho: «Mimi wali nakula.» Mburma akihesabu, lazima ataje pia aina ya kitu: kwa watu anaongeza «yauk», kwa nyama «kaung». Ni karibu na ngeli zetu za M-WA na KI-VI, ila kwetu alama inakaa mbele ya neno. Mnorwe ana makundi matatu tu ya majina, na anaweka alama nyuma: «båt» ni mashua yoyote, «båten» ni ile mashua tunayoijua.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Ninyi mnaojua Lingala mnafahamu kwamba «kokoma», ukiisema chini yote, ni kuandika. Ukipandisha sauti katikati, ni kufika. Herufi ni zile zile, lakini sauti inabadili maana. Kiburma ni hivyo kila mahali. Neno «kha» likiwa chini ni kutikisa. Likiwa juu ni kuwa chungu. Likibanwa kooni ni kuhudumia. Likikatwa ghafula ni kupiga. Mmisionari Mbatisti wa Marekani, Adoniram Judson, alifika Burma mwaka 1813, akamaliza kutafsiri Biblia mwaka 1834. Miaka 21! Mimi sishangai tena.

Na Kinorwe, lugha ya Wazungu, kina jambo kama hilo. «Bønder» ni wakulima. «Bønner» ni maharagwe, tena ni sala. Katika kusema, herufi ile d haisikiki. Kinachotenganisha wakulima na maharagwe ni wimbo wa sauti tu.

Siku moja ya posho mangaribi, yaya alitutumia sauti kwa simu. Alisema maneno hayo mara sita, akiyachanganya, akatuuliza: «Wakulima ni wapi, na maharagwe ni wapi?» Tulikuwa uani, karibu na mbabula. Nilisikiliza. Kwangu yalikuwa neno moja mara sita. Nikajibu kwa kubahatisha, kwa sababu mimi ni wa mwaka wa tano, mtu wa Kifaransa na Kiingereza.

Nkambo alikuwa anachambua mboga. Hakuwahi kuingia shule hata siku moja. Akasema bila kuinua kichwa:

— Batoto, munashindwa nini? Hii inaanza chini. Ile inaanza juu, inashuka, kiisha inapanda.

Tukarudisha sauti toka mwanzo. Akaonyesha kwa mkono: chini, juu, juu, chini, juu, chini. Tukatuma jibu. Yaya akacheka sana: sita kwa sita. Mimi nilipata mbili.

Nikamuuliza amejuaje. Akanishangaa.

— Si ni sawa na Kiluba?

Kweli, Kiluba chetu kinabadili maana kwa sauti ya juu na ya chini. Kiswahili hakifanyi hivyo; kinaweka uzito kwenye silabi ya pili toka mwisho, basi. Mimi nimekulia ndani ya Kiswahili cha hapa mjini, na Kiluba changu nakisema kwa wimbo wa Kiswahili, nikifikiri ni sawa.

— Nkambo, na mimi nikisema Kiluba, unanisikia muzuri?

Akanyamaza kidogo.

— Ukiniongelesha, mi niko natengeneza maneno yako ndani ya roho, kiisha nakujibu.

— Mbona haujaniambia?

— Haukuuliza.

Ndugu wasomaji, usiku ule sikulala mapema. Miaka yote mzee huyu alikuwa anabeba mzigo wangu, na mimi nilijiona msomi wa nyumba.

Nimefikiri pia hivi. Waburma wanaandika sauti zao: nukta mbili kando ya neno zinaonyesha sauti ya juu, na nukta moja chini yake inaonyesha sauti ya kubana. Wanorwe hawaandiki wimbo wao, lakini hawaogopi, maana watoto wao wanausema kila siku. Na sisi? Katika vitabu vya Kiluba nilivyoshika mkononi, wimbo hauandikwi. Na watoto hapa mjini hatuusemi. Basi unakaa wapi? Unakaa kinywani mwa nkambo, na nkambo amezeeka.

Watoto wa yaya kule Norwe wanajua vizuri wakulima na maharagwe. Walipomwita nkambo kwenye simu, neno lile lilitoka kwa wimbo wa Kinorwe. Nkambo alicheka, kisha akanirudishia simu.

Tangu siku ile, kila posho nakaa naye na daftari. Ananipa maneno kumi. Naweka alama: mstari juu kwa sauti ya juu, mstari chini kwa sauti ya chini. Nikikosea ananirudisha, na sasa hanihurumii tena. Maneno mengine nimeyasema miaka mingi kumbe ni matusi. Hayo siyaandiki hapa, maana walimu wanasoma. Kisha tunarekodi, tunayatuma Norwe, na watoto wa yaya wanayarudisha kwa sauti zao. Nkambo anasikiliza na mkono wake: chini, juu, juu.

Mwenye nkambo nyumbani, amuulize leo. Hatasema mpaka aulizwe.

Mwanafunzi mwenzenu, mwaka wa tano.