Kanga ya Uduvi

Korogwe haina bahari, lakini ina samaki. Mto Pangani uipitao hushuka mpaka pwani. Samaki wa kukaanga hupanda kinyume cha maji, katika matenga juu ya mabasi, wakafika hata Handeni. Ada yangu ya shule ilitoka katika tenga la namna hiyo.

Mama mdogo aliyenilea alianza kazi Pangani kwa kutanda uduvi. Wanawake wawili huingia majini mpaka kiunoni, wakashika ncha za kanga, wakaikokota polepole, kisha wakainua. Hapana mashua wala ndoana. Na katika vinywa vya watu, hapana mvuvi.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zilipoweka mipaka ya macho ya nyavu, nilizisifu mbele yake. Wasomi tu wepesi wa kusifu. Nilisema samaki wachanga wasipoachwa wakue, bahari itakuwa tupu. Alinisikiliza, akauliza:

"Mwanangu, kanga ina macho mangapi?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Nasadiki hata leo kwamba wachanga waachwe. Lakini katika mkutano mmoja wa kikundi cha kusimamia uvuvi niliouhudhuria, wanawake waliketi nyuma, wakaondoka kabla habari ya nyavu haijafikiwa: mashua zilikuwa zikiingia, na bei haingoji. Waliobaki wakakubaliana.

Mama mdogo sasa hukaanga samaki Korogwe. Uduvi huununua kwa kibaba.